Penye Kuku Waliamua, Penye Roho Walishauri: Uhakiki wa Nadharia za Juri

Kuna kasumba moja iliyokaa sana vichwani mwa wasomi wetu wa sheria, na hata baadhi ya makada wameimeza bila kuitafuna. Kasumba hiyo yasema hivi: jaji huamua kwa akili na kwa sheria, mwananchi wa kawaida huamua kwa moyo na kwa uvumi. Kwa hiyo kumketisha mkulima wa Rulenge au wa Nyakahura karibu na kiti cha jaji katika shauri la mauaji ni kuingiza maneno ya kilabuni mahakamani. Mwaka 2022, Sheria Na. 1 ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali ilibadili kifungu cha 265 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na tangu hapo wazee wa baraza hukaa Mahakama Kuu pale tu mahakama yenyewe inapoamua hivyo. Wenye kasumba hiyo walishusha pumzi. Wakaona mambo yamekwisha.

Makala haya yanashikilia kwamba mambo hayajakwisha, bali yamehama tu kutoka vichwa vitatu au vinne kwenda kichwa kimoja. Ili kulithibitisha hilo hatuna budi kwanza kuzihakiki nadharia ambazo wanafunzi wetu huzisoma vyuoni juu ya namna binadamu anavyofikia uamuzi wa hatia, kisha tuzisimamishe mbele ya hali halisi ya wilaya mbili, Ngara na Biharamulo, tuone zinabaki na nini.

Kitabu kinachotajwa kuliko vyote ni The American Jury cha Harry Kalven na Hans Zeisel wa Chuo Kikuu cha Chicago, kilichotolewa mwaka 1966. Nchini Marekani watu kumi na wawili wasio wanasheria, yaani juri, hujitenga chumbani na kutoa uamuzi wa hatia au wa kutokuwa na hatia, na hawadaiwi sababu. Waandishi hawa hawakuweza kuingia chumbani humo. Walichofanya ni kuwaandikia majaji na kuwauliza: katika shauri hili juri ilisema nini, na wewe ungesema nini? Walikusanya majibu ya mashauri 3,576. Wakakuta kwamba katika mashauri karibu manne kwa kila matano juri na jaji walikubaliana. Walipotofautiana, mara nyingi juri ndiyo iliyokuwa na huruma zaidi kwa mshitakiwa.

Kazi hii ni kubwa na hatuibezi. Imetupa fikra moja ya thamani sana: ushahidi ukiwa wazi, juri haina nafasi ya kucheza, ushahidi ukiwa mizani sawa, ile shaka ndiyo inayoufungulia moyo mlango. Mjumbe haoni kwamba anafuata moyo. Anaamini anapima ushahidi. Lakini hebu tuulize swali ambalo waandishi hawakulikazia vya kutosha. Kipimo chao ni kipi? Ni jaji. Juri ikikubaliana na jaji huhesabiwa imeona sawa, ikitofautiana naye hutafutiwa sababu. Huko ni kupima mizigo kwa jiwe ambalo lenyewe halijapimwa. Moyo wa jaji nao hufunguliwa na nani shaka inapoingia?

Katika kitabu hicho hicho mna jambo linaloivunja filamu inayopendwa sana na wanafunzi, Twelve Angry Men ya mwaka 1957, ambamo mtu mmoja mwenye msimamo anawageuza wenzake kumi na mmoja. Kalven na Zeisel waliona kwamba katika juri zilizogawanyika kwenye kura ya kwanza, wengi wa kura hiyo ndio walioshinda mwishoni mara tisa hivi katika kila kumi. Filamu ni nzuri, lakini imetufundisha kumngoja shujaa mmoja. Kwa kawaida uamuzi huwa umekwisha kuiva kabla watu hawajaanza kuzungumza, na swali la maana ni kwamba uliivia wapi.

Walioijibu sehemu ya swali hilo ni wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nancy Pennington na Reid Hastie, katika maandishi yao ya miaka ya 1980 na baadaye. Hoja yao ni nyepesi kuieleza. Msikilizaji wa shauri hajumlishi ushahidi kama karani anavyojumlisha risiti. Yeye hutunga hadithi: nani alikuwa na kisa na nani, alitaka nini, akafanya nini, likatokea nini. Hadithi iliyo kamili na isiyojipinga ndiyo inayoshinda, na pale penye pengo msikilizaji hulijaza kwa anayoyajua yeye kuhusu dunia. Mwaka 1988 walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila kada angefaa kulijua. Ushahidi ulikuwa ule ule. Pale upande wa mashtaka ulipoupanga wa kwake kwa mtiririko wa hadithi, na upande wa utetezi ukatoa wa kwake vipande vipande, wasikilizaji 78 kwa kila mia walitia hatiani. Mpangilio ulipogeuzwa, waliotia hatiani walikuwa 31 kwa kila mia. Hakuna shahidi aliyeongezwa wala kupunguzwa.

Ubora wa nadharia hii ni mkubwa, na upungufu wake uko mahali pale pale. Inatuambia kwamba msikilizaji hujaza mapengo kwa anayoyajua, lakini inayachukua "anayoyajua" kana kwamba yameota kichwani mwake kama nywele. Hadithi alizo nazo mtu juu ya nani anaweza kuua, nani ni mwongo, nani roho yake ni nyepesi, zimetoka katika maisha yake, katika kazi yake, katika nani anamtawala nani.

Tuna mfano hapa hapa Afrika Mashariki. Katika Kenya ya kikoloni Mzungu alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika alipewa washauri ambao rai yao haikumfunga jaji. Mwaka 1923 mlowezi mmoja wa upande wa Molo alishitakiwa kwa kifo cha mfanyakazi wake Mwafrika aliyeitwa Kitosh. Kijana huyo alichapwa viboko kwa sababu alimpanda farasi aliyeambiwa amwongoze kwa miguu, akafungwa kamba ghalani, akafa usiku huo. Shauri lilisikilizwa Nakuru. Madaktari wa upande wa utetezi walieleza kwamba marehemu alikuwa na nia ya kufa, na kwamba Mwafrika akitaka kufa anaweza kufa. Juri ilikataa mauaji ikasema ni kosa la kujeruhi vibaya, na mlowezi akapewa kifungo cha miaka miwili. Mwandishi Karen Blixen aliliweka shauri hilo katika kitabu chake Out of Africa cha mwaka 1937, na jambo linalosikitisha ni kwamba hata yeye aliiona nia hiyo ya kufa kama kitu cha fahari.

Tazama jinsi nadharia ya hadithi inavyofanya kazi hapa. Viboko vilikuwepo, kamba ilikuwepo, maiti ilikuwepo. Pengo moja tu lilibaki, yaani kiungo kati ya viboko na kifo, nalo likajazwa kwa hadithi ambayo kila mlowezi alikuwa nayo tayari juu ya Mwafrika. Wajumbe wale huenda hawakujiona kuwa wanamkinga mwenzao. Huenda walirudi majumbani wakiamini wametimiza kiapo. Hapo ndipo saikolojia peke yake inapofika mwisho wa njia, na uchambuzi wa jamii unapopaswa kushika usukani.

Sasa tuje nyumbani. Tulirithi kutoka kwa mkoloni yule mshauri aliyepewa Mwafrika, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 ilimhifadhi. Mashauri yote ya Mahakama Kuu yalipaswa kusikilizwa kwa msaada wa wazee wa baraza wasiopungua wawili. Walioweza kuitwa ni watu wa miaka 21 hadi 60, kwa hiyo jina la "wazee" ni la heshima tu. Ushahidi ulipokwisha, jaji aliweza kuwajumlishia, kisha kila mmoja alitakiwa kutoa maoni yake kwa mdomo, nayo yakaandikwa. Baada ya hapo jaji aliandika hukumu, wala hakufungwa na maoni hayo.

Linganisha na Mahakama ya Mwanzo. Kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984, hakimu wa Mwanzo alikaa na washauri wasiopungua wawili, na ikiwa walitofautiana juu ya hatia, juu ya adhabu, hata juu ya dhamana, waliamua kwa wingi wa kura. Washauri wawili waliweza kumshinda hakimu. Basi katika wizi wa kuku, katika ngumi za kilabuni, katika mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, wananchi walikuwa waamuzi. Katika shauri ambalo mwisho wake ni kamba ya kunyongea, walikuwa washauri. Wapo watakaosema hiyo ni busara, kwa kuwa jambo zito lahitaji mtaalamu. Lakini hoja hiyo inakubali bila kusema kwamba utaalamu wa sheria ndio utaalamu pekee unaohitajika ili kujua kilichotokea usiku fulani kijijini.

Tukiangalia Ngara na Biharamulo hoja hiyo inayumba. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Wenyeji wake wengi ni Wahangaza na Washubi, na Kihangaza kinasikilizana na Kirundi. Biharamulo ni mchanganyiko wa Wasubi, Wazinza, Waha na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Mashauri ya mauaji ya wilaya hizi ni ya Mahakama Kuu ya Bukoba, na kutoka Ngara hadi Bukoba ni safari ya kilomita 300 hivi. Mpaka sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kumbukumbu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza. Shahidi bibi kizee alisema kwa Kihangaza, mkalimani akageuza kwa Kiswahili, kalamu ya jaji ikageuza tena kwa Kiingereza. Mzee wa baraza anayejua lugha ya yule bibi alikuwa mtu pekee katika safu ya mbele aliyesikia alichosema kwa kauli yake mwenyewe, alipositasita na alipokaza sauti.

Tuchukue mfano wa kubuni usiomhusu mtu yeyote. Bibi anaeleza kwamba wauaji walipoingia usiku alimtambua mmoja kwa mwanga wa koroboi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1980, mahakama haipaswi kutegemea utambuzi wa macho mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Jaji anauliza taa ilikuwa umbali gani na mwanga ulikuwa wa nguvu gani. Mzee wa baraza anauliza koroboi ilikuwa imewekwa wapi. Anajua kwamba katika nyumba nyingi za huko koroboi huwekwa chini, karibu na mafiga, na mwanga wake humulika miguu ya anayeingia kuliko uso. Swali hilo moja laweza kuokoa roho ya mtu, na halimo katika kitabu chochote cha sheria.

Lakini tusijidanganye. Mzee yule yule aweza kuwa na jambo jingine kichwani, kwamba mshitakiwa ni mtu aliyevuka mpaka. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa ishirini na nne hivi, na wakimbizi waliopiga kambi Benaco na kwingineko Ngara wakawazidi kwa idadi wenyeji wa wilaya. Misitu ilikatwa kwa kuni, mashamba yaliporwa, silaha zikaenea. Baadaye mabasi yalilazimika kusindikizwa na askari katika mapori ya Biharamulo. Kwa aliyeyapitia hayo, hadithi ya kwamba mgeni ndiye jambazi iko tayari, inangoja tu shauri lenye pengo. Ujuzi wa koroboi na chuki kwa mgeni hutoka katika kinywa kile kile, kwa sauti ile ile ya mtu mwenye uhakika. Hiyo ndiyo kazi ngumu ya mahakama, kuvitenganisha viwili hivi, na wanaotaka kumfukuza mzee wanatupa vyote pamoja.

Vivyo hivyo katika mauaji ya vikongwe wanaotuhumiwa uchawi. Sheria ilikwisha kuweka msimamo tangu enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki: mwaka 1941, katika shauri la Uganda, hofu ya uchawi ilikubaliwa kuwa uchokozi ulioipunguza hatia, mwaka 1951 ikaelezwa kwamba imani peke yake haitoshi, lazima pawe na tendo la uchokozi kwa maana ya sheria. Mzee wa baraza anayeijua hofu hiyo aweza kumsaidia jaji kupima kama muuaji aliogopa kweli au alilitaka shamba la kikongwe. Au, kwa kuwa anaiogopa mwenyewe, aweza kusema marehemu alistahili. Ile shaka ya Kalven na Zeisel huufungua moyo ulio na mema na mabaya pamoja.

Tatizo la pili liko katika utaratibu wenyewe. Maoni yalitolewa kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine, mbele ya jaji. Mwanasaikolojia Solomon Asch alionyesha tangu mwaka 1951 kwamba mtu akiwasikia wenzake wote wakisema jambo lisilo sahihi waziwazi, hata urefu wa mistari tu, mara nyingi huungana nao. Akipata mwenzake mmoja tu wa kusema kweli, ujasiri humrudia. Katika desturi zetu uzito huo ni mkubwa zaidi, kwa sababu mdogo hampingi mkubwa hadharani, na akimpinga huzunguka sana kabla ya kufika. Sheria haikuwakataza wazee kujitenga na kushauriana, na hiyo ni njia nzuri ya kumpa mnyonge mwenzake. Lakini aliyesema wa kwanza ndiye aliyewawekea wengine njia, na ni nani aliyemchagua awe wa kwanza?

Mahakama ya Rufani iliyaona mengi ya haya, ingawa haikuyaita saikolojia. Tangu mwaka 1954 mahakama ya Afrika Mashariki ilikwisha kusema kwamba maoni ya wazee yana thamani iwapo tu wameelewa mambo ya shauri kwa kuyahusisha na sheria. Mwaka 1982 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba wazee wakipotoshwa katika jambo la msingi, shauri halihesabiki kuwa limesikilizwa kwa msaada wao. Jaji alikatazwa kuonyesha rai yake katika majumuisho, maana mzee akiishaijua rai ya jaji hubakiwa na kazi ya kuitikia tu. Na kwa kifungu cha 177 cha Sheria ya Ushahidi ya 1967, mzee wa baraza aliruhusiwa kumwuliza shahidi maswali ya kupata ufafanuzi, si kumdodosa kama wakili wa upande wa pili. Mahakama ilisema wazi kwamba mwamuzi anayemdodosa shahidi amekwisha kuchagua upande. Pennington na Hastie wangesema amekwisha kuitunga hadithi yake, na sasa anatafuta matofali ya kuimalizia.

Kwa kasoro za namna hiyo mashauri mengi ya mauaji yalibatilishwa, hasa katika muongo wa 2010. Watu waliokwisha kukaa mahabusu miaka mingi walirudishwa kuanza upya, na mashahidi wengine walikuwa wamekufa au wamehama. Hili ni jeraha la kweli na hatuwezi kulipuuza kwa ajili ya kutetea nadharia. Wakenya waliwaondoa wazee wa baraza mwaka 2007. Waganda waliendelea nao. Sisi mwaka 2022 tukachagua njia ya katikati.

Ila tutazame kosa lilikuwa la nani. Mzee hakujichagua, hakujipa majumuisho yasiyotimia, wala hakujiruhusu kumdodosa shahidi. Alikuwapo jaji wa kumzuia, na mafunzo hayakutolewa. Kumwondoa mzee kwa sababu jaji hakumwongoza vizuri ni kama kumwachisha kazi msukuma mkokoteni kwa sababu barabara ina mashimo.

Na yale mashimo bado yapo. Shauri la mauaji la Ngara halitiririki kama hadithi. Daktari aliyempima maiti amehamishwa, mwenyekiti wa kijiji amekosa nauli, askari mpelelezi yuko masomoni. Ushahidi unakuja vipande, kikao kinaahirishwa, miezi inapita. Mapengo hayo lazima mtu ayajaze. Zamani waliyajaza mkulima wa Bugarama, mwalimu wa Lusahunga, na jaji. Na maoni ya wale wawili yaliandikwa, na kila mmoja aliyetoa sababu alijifunua alikotoka. Leo, mahakama isipowaita, mapengo yanajazwa na mtu mmoja aliyekulia pengine mbali kabisa na migomba ya Ngara, naye ana hadithi zake juu ya mkulima, juu ya kikongwe, juu ya mtu wa mpakani. Sheria inamtaka aandike sababu, na hilo ni jema kuliko ukimya wa juri ya Marekani. Lakini hakuna wa kumwuliza koroboi ilikuwa imewekwa wapi.

Kwa hiyo maneno "mahakama itakapoamua hivyo" yasisomwe kama mlango uliofungwa. Shauri ambalo mashahidi wake wanasema Kihangaza, au utambuzi wake umetegemea mwanga wa usiku ndani ya nyumba, au marehemu wake ni kikongwe aliyetuhumiwa, lina sababu ya wazi ya kuwaita wazee, na wakili anaweza kuiomba mahakama ifanye hivyo. Wakiitwa, waelezwe kazi yao mwanzoni na si mwishoni, wapewe nafasi ya kushauriana faragha, na mdogo wao aanze kusema. Hata pale jaji alipoyakataa maoni ya mzee, yalibaki katika jalada kwa mwandiko wa jaji huyo huyo, na majaji watatu wa rufani waliyakuta humo.